Mali na Amana: Saa ya Marehemu na Ushahidi wa Vipande Vyake

 

Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya vitu vikubwa: nyumba za mirathi, mashamba, madeni, na dhahabu za wanawake. Mwezi huu twapenda kusema juu ya kitu kidogo kikaacho juu ya kifundo cha mkono, ambacho baba zetu walikitazama kila siku ili wasipitwe na nyakati za Sala. Udogo wake usitudanganye, kwani kwa ajili yake ndugu wa tumbo moja walikaribia kutia sahihi uwongo.

Walitujia watoto watatu wa mzee mmoja wa Mombasa, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Mama yao alikwisha tangulia mbele ya haki, na baba akafuata mwaka jana. Madeni ya marehemu yalikuwa yamelipwa, wasia umetekelezwa, na nyumba imegawanywa bila ya neno. Kilichobaki ni saa yake ya mkono, Omega ya jina la Constellation, ya chuma kisichoshika kutu, aliyoinunua Aden mwaka 1964 aliporejea Hija kwa meli. Siku hizo Aden ilikuwa bandari isiyotoza ushuru, na msafiri aliyepita hapo hakukosa kushuka kutazama maduka. Mzee aliivaa saa hiyo Ijumaa na sikukuu. Siku nyingine ililala kabatini ndani ya kitambaa.

Akatokea mnunuzi wa ng'ambo aliyeiona kwa picha, akatoa bei ambayo hapana mmoja wao aliyeitazamia. Lakini aliweka sharti: warithi wote watatu waandike na kutia sahihi kwamba kila kipande cha saa ni kile kile kilichotoka nacho kiwandani.

Kaka mkubwa alishika kalamu. Akasema, "Baba mwenyewe alituambia kuwa saa hii haijaguswa na mtu." Kaka wa pili akanyamaza. Dada yao akasema, "Kaka, niwie radhi, mimi siwezi kutia sahihi. Nilipokuwa mdogo nilifuatana na baba kwa fundi, saa ilipoingia maji. Ilirudi na uso mweupe kuliko ule iliokwenda nao."

Wakaulizana: je, dada ana hakika, au ni kumbukumbu ya mtoto iliyochanganyika na ndoto? Na je, saa yenyewe yaweza kuulizwa ikajibu? Twasema: yaweza. Lakini kwanza tutazame hukumu, kisha tuje kwenye saa.

Mali ya maiti, kabla haijagawanywa, ni mali ya shirika baina ya warithi wote. Aya ya 7 ya Sura An-Nisaa imewathibitishia wanaume na wanawake mafungu yao katika vilivyoachwa na wazazi, hata vikiwa vichache. Basi hapana saa iliyo ndogo mno hata ikatoka nje ya hukumu hiyo. Haimfalii mrithi mmoja kuiuza, wala kuisemea, bila ya ridhaa ya wenziwe.

Ama kuhusu biashara, Sayyidna Abu Huraira (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tazameni, ndugu zangu: mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake lilikuwa kuweka kavu juu na mbichi chini. Vile vile Mtume alikataza kumzuia mnyama asikamwe siku kadhaa ili kiwele kijae, na mnunuzi adhani kuwa ni mnyama wa maziwa mengi. Uso wa saa uliopakwa rangi upya, kisha ukauzwa kwa jina la uso wa asili, hauko mbali na kiwele kile.

Sasa tuje kwenye kuijua saa. Wanazuoni wa Hadithi walipotaka kuhakikisha habari, hawakutosheka na uzuri wa maneno yake. Waliuliza: mpokezi huyu alizaliwa lini, alikaa mji gani, na je, aliwahi kukutana na huyo anayesema kuwa amepokea kwake? Akionekana kuwa alizaliwa baada ya kufa kwa sheikh wake, silsila hukatika na habari hudhoofika. Saa nayo yafaa iulizwe hivyo hivyo. Kila kipande ni shahidi, na kila shahidi ana mwaka wake. Hatuulizi kama kipande ni kizuri, bali twauliza kama vipande hivi viliweza kukutana kiwandani siku moja.

Shahidi wa kwanza ni mtambo wa ndani. Saa isifunguliwe kwa kisu cha jikoni. Ipelekwe kwa fundi mwenye ufunguo wake, naye mwenye mali aketi hapo hapo atazame. Mitambo ya Omega ya miaka ya 1950 na 1960 ina rangi ya shaba nyekundu, nayo imechorwa namba mbili: namba ya aina ya mtambo, na namba yake yenyewe isiyoshirikiana na mwenziwe. Saa ya marehemu ilikuwa na mtambo wa aina 561, wenye mawe 24, uonyeshao tarehe. Na namba yake ilikuwa milioni 20 na ushei. Namba za kadiri hiyo huhesabiwa kuwa za kiasi cha mwaka 1963. Saa ikitengenezwa 1963, haishangazi kuuzwa Aden mwaka 1964. Shahidi huyu alisema kama alivyosema mzee.

Shahidi wa pili ni kasha. Ndani ya kifuniko cha nyuma palikuwa na namba 168.005, na namba hiyo ni ya Constellation yenye tarehe, ijitiayo ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, ambayo mtambo wake ni huo huo 561. Lau tungekuta humo mtambo usio na tarehe, tungejua kuwa roho ya saa moja imetiwa katika mwili wa nyingine. Nje ya kifuniko palikuwa na ile picha ya jengo la kutazamia nyota, na nyota nane juu yake, ingali inasomeka vizuri. Tukapapasa pembe za kasha, pale ukanda unaposhikwa. Kasha ambalo halikusuguliwa sana lina kingo kali zilizonyooka. Lililosuguliwa na mafundi mara nyingi huwa laini na la mviringo, mfano wa sabuni iliyotumika. Hili lilikuwa na mikwaruzo mingi, na mikwaruzo hiyo ni dalili ya kheri, kwa kuwa yaonyesha kuwa chuma hakikuliwa.

Shahidi wa tatu ni uso, naye ndiye asemaye uwongo mara nyingi kuliko wote, kwa sababu mnunuzi hutazama uso kwanza, na kwa hivyo muuzaji huurembesha kwanza. Maji na jua huutia madoa. Fundi huondoa rangi ya zamani, hupaka nyingine, kisha huchapa maneno upya. Dalili zake huonekana kwa lenzi. Herufi za kiwandani ni nyembamba, zina kingo safi, na zimekaa sawasawa. Herufi za kuchapwa upya huwa nene, hukimbiana, au huinama kidogo. Maneno ya chini kabisa, yanayosema kuwa saa imetengenezwa Uswisi, huangukia mahali pasipo pake au hukosekana kabisa. Mistari ya dakika haikutani na alama za saa. Na penye alama za madini zilizosimikwa juu ya uso, rangi mpya hujikusanya pembeni kama chokaa pembeni mwa dirisha. Constellation nyingi za zamani zina uso wenye mikunjo 12 kama sahani iliyofinikizwa. Rangi ikirudiwa, mikunjo ile hupoteza ukali wake. Uso wa saa ya marehemu ulikuwa na dalili tatu katika hizi. Tukamtazama dada, naye akainamisha macho.

Shahidi wa nne ni akrabu, yaani mishale. Zipimwe urefu: akrabu ya dakika yapasa ifike kwenye mistari ya dakika, isiishie njiani. Kisha zilinganishwe na uso. Saa ya marehemu ilikuwa na akrabu zenye ufa uliotiwa dawa ya kung'aa gizani, ilhali juu ya uso hapakuwa na hata nukta moja ya dawa hiyo. Kiwanda hakitii taa kwenye akrabu na kuacha alama za saa gizani, kwani mtu angeona akrabu bila ya kujua zinaelekea wapi. Kwa hivyo ama akrabu ni za saa nyingine, ama nukta za uso ziliondoka siku ya kupakwa rangi. Katika njia zote mbili, maneno ya kwamba saa haikuguswa yameanguka.

Shahidi wa tano ni hiyo dawa yenyewe, na hapa twawaomba kina mama wasikilize kwa makini. Saa nyingi za zamani zilitiwa radiamu, ambayo ina mionzi yenye madhara. Katika Marekani, miaka ya 1920, wanawake wengi waliokuwa wakipaka nyuso za saa, ambao walikuwa wakichongoa brashi kwa midomo yao, walipatwa na maradhi mabaya na wengine wakafa. Radiamu haipungui nusu ila baada ya miaka 1,600 hivi. Kile kilichokuwa kikiwaka kwa nguvu yake ndicho kilichochoka. Sumu ingalipo, ijapokuwa nuru imezimika. Basi saa ya namna hiyo isifunguliwe juu ya meza ya chakula, uso wake usikwanguliwe, na mtoto asipewe achezee. Katika miaka ya 1960 viwanda vilihamia kwenye tritiamu, na chini ya uso huonekana herufi T ndogo kila upande wa jina la Uswisi. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kitu, hata katika miaka 60 husalia kiasi cha fungu moja katika 30. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa saa ya mwaka 1965 ina dawa yake ya tangu, nayo yawaka usiku kucha, jua kuwa imetiwa dawa mpya ya miaka ya karibuni.

Shahidi wa sita ni kitufe cha kutilia ufunguo pamoja na kioo. Hivi huchakaa upesi, na kubadilishwa kwake ni jambo la kawaida. Constellation za namna hii zilitoka na kitufe chenye pande 10. Ya marehemu ilikuwa na kitufe cha mviringo, nacho kina alama ya Omega. Kioo cha asili, ambacho si kioo hasa bali ni plastiki ngumu, kina alama ndogo ya Omega katikati, isiyoonekana ila kwa lenzi. Alama hiyo tuliikuta.

Basi hukumu ya mashahidi ilikuwa hivi: mtambo na kasha ni vya asili na ni vya pamoja, kioo ni cha kiwanda hicho hicho, kitufe ni cha kiwanda hicho lakini kimebadilishwa, uso ni bamba la zamani lililopakwa rangi upya, na akrabu zina shaka. Dada alisema kweli. Wala baba hakusema uwongo: huenda aliona kuwa kupeleka saa kwa fundi si kuigusa, kama vile mtu aliyepaka nyumba yake chokaa haisemi kuwa ni nyumba nyingine.

Wasomaji wetu wengi hawana Omega, lakini wana Seiko 5 ya baba au ya babu, kwani saa hizo za Ujapani, zilizoanza mwaka 1963, zimefika hadi vijijini. Hizo nazo zina ushahidi mwepesi. Nyuma ya kasha pameandikwa namba mbili zenye tarakimu nne nne, kwa mfano 6119-8083. Nne za kwanza ni aina ya mtambo, nne za pili ni aina ya kasha. Kifuniko kikifunguliwa, mtambo wenyewe wapasa useme 6119. Ukikuta 7009, au 7S26 ambao haukutoka ila katika miaka ya 1990, umeelewa. Kwenye ukingo wa chini wa uso kuna maandishi madogo mno ambayo nayo huanza na namba ya mtambo. Na katika namba ya mfululizo iliyo nyuma, tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, na inayofuata ni mwezi. Jihadharini na Seiko zenye nyuso za rangi kali zinazong'aa kama peremende: nyingi hupakwa katika karakana za India, na kiwanda hakikuzijua kamwe.

Huenda mtu akasema, haya ni mambo ya wajuzi, na sisi wajinga hatulaumiwi. Twamjibu kwa kisa cha Geneva. Mwezi wa Novemba 2021 iliuzwa huko kwa mnada Omega Speedmaster ya aina ya kwanza, ile ya mwaka 1957, kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Aliyeinunua ni kiwanda chenyewe cha Omega, kwa ajili ya jumba lake la makumbusho. Mwaka 2023 kiwanda kikatangaza kuwa saa ile ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa watumishi wake walikuwa na mkono katika jambo hilo. Ikiwa aliyeizaa saa aliweza kuuziwa mtoto asiye wake, basi mnunuzi wa kawaida ana haki iliyoje ya kuambiwa kweli! Kadiri mwenzio asivyoweza kujua, ndivyo amana yako inavyozidi uzito.

Lakini tusiende upande wa pili tukadhani kuwa kila kipande kilichobadilishwa ni aibu. Vipande ni vya namna tatu. Kuna vilivyotoka pamoja na saa kiwandani. Kuna vilivyobadilishwa kwa haja, kwa vipuri vya kiwanda hicho hicho, kama kamani iliyokatika au kitufe kilichochakaa. Hivi ni matengenezo, na saa iliyotengenezwa ni bora kuliko iliyokufa. Na kuna vilivyoletwa kutoka saa nyingine, au vilivyoigizwa, au vilivyopakwa upya. Hata hivi si haramu kuviuza. Iliyo haramu ni kuvinyamazia. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi akivumbua kasoro iliyokuwamo kabla ya kuuza, naye hakuijua, ana hiari ya kurudisha mali. Basi karatasi yenye uwongo haimalizi biashara. Yaiacha wazi duniani, na Akhera iko mbele yake.

Na kama kasha ni la dhahabu, tazameni muhuri ulio ndani ya kifuniko. Saa za Uswisi za karati 18 za miaka hiyo zina namba 0.750 na kichwa kidogo cha mwanamke. Saa kama hiyo hurithiwa, huthaminiwa na kuuzwa, bali mwanamume haivai.

Ndugu watatu wale waliketi wakaandika upya. Kaka mkubwa ndiye aliyeandika, kwa mkono wake, kila kipande na hali yake: hiki cha asili, hiki kimebadilishwa, hiki kimepakwa rangi, hiki tuna shaka nacho. Dada akatia sahihi wa kwanza. Mnunuzi alijibu baada ya siku tatu, akapunguza thuluthi ya bei, akanunua. Fedha zikafanywa mafungu matano: mawili kwa kila ndugu mwanamume, na moja kwa dada. Fungu la dada lilikuwa dogo kuliko yote, naye ndiye aliyelipunguza kwa ulimi wake mwenyewe.

Kaka mkubwa alipokuwa akiondoka alituambia, "Nilikuwa nimekwisha andika mistari miwili ya karatasi ile ya kwanza." Hakuongeza neno.

Sasa yatupasa kuagana kwa nasaha chache. Mwenye saa ya zamani asiipeleke kusuguliwa ili ing'ae, kwani kinachoondoka hakirudi. Akiipeleka kwa fundi, amwombe amrudishie kila kipande kilichotolewa, akitie katika bahasha pamoja na risiti. Uso wenye madoa una thamani kuliko uso mpya. Na aandike, angali hai, saa ilinunuliwa wapi, mwaka gani, na iliguswa na nani. Karatasi hiyo ndogo itawaondolea watoto wake mzigo wa kuapa juu ya jambo wasilolijua.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuweka wazi kilicholowa pamoja na kikavu, na azibariki mali zetu chache kwa kweli yake. Wallahu aalam.